Namba za tritiamu zimeshuka: dawa imeua vimelea au mwanga umezibwa?

"Shikamoo dokta. Niko masters mwaka wa pili, natest ekstrakti za majani dhidi ya vimelea vya malaria tunavyovikuza maabara. Tunatumia haipozanthini (malighafi ya DNA ambayo vimelea wanaokota) yenye tritiamu (hidrojeni ya mionzi), nusu mikrokyuri kila kisima. Mashine ya kuvuna seli kwenye filta imeharibika kwahiyo mimi nazungusha seli kwenye sentrifuji, naosha mara mbili, nayeyusha kwa sodiamu haidroksaidi, namimina kwenye kichupa, naongeza kokteli (kimiminika kinachong'aa mionzi ikikigonga) mililita 10 na kupima hapohapo dakika moja moja. Juzi nilipata hivi: vimelea bila dawa 9,800, vimelea na ekstrakti 4,000, damu isiyo na vimelea 5,600. Kesho yake nikarudia vichupa vilevile vikasoma 4,345, 1,235 na 345. Bakigraundi (hesabu ya mashine bila sampuli) ni 25. Supavaiza anasema nitumie za siku ya pili, nigawanye zote kwa asilimia 60 iliyoandikwa kwenye cheti cha mashine, niandike dawa imezuia vimelea kwa asilimia 72. Je, mionzi iliisha usiku? Hiyo 72 ni sahihi? Na kingine, nimepitisha Geiger mezani na mikononi haikulia kabisa, ina maana niko salama? Nina mtoto wa miezi saba namnyonyesha."

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuuliza mapema, maana wengi wanauliza baada ya tasnifu kushapigwa jalada. Naona una hofu mbili hapa, ya kazi na ya mtoto. Ya mtoto niiguse kwanza ili usome mengine ukiwa umetulia. Geiger, kile kifaa kinacholia kikikuta mionzi, kunyamaza mbele ya tritiamu haikwambii chochote, sio habari njema wala mbaya, kile kifaa hakina uwezo wa kuisikia hiyo mionzi. Ila kiasi unachoshika ni kidogo, na kipimo cha kujua kama umechafuka kipo, nitakieleza kule chini. Usimwachishe mtoto kwa hofu tupu, na usikae kimya pia.

Sasa kazi. Kwa maelezo yako, mi siwezi kusema dawa yako haifanyi kazi, lakini hiyo asilimia 72 usiiandike bado. Inawezekana kabisa vimelea vyako viko hai vinakula haipozanthini kama kawaida, na kilichopungua ni mwanga tu ndani ya kichupa. Kaunta yako, hiyo mashine ya kuhesabu, haioni vimelea, wala haioni tritiamu. Inaona mwanga. Ukilishika hilo mengine yote yanaeleweka.

Tuanze na atomu yenyewe. Tritiamu inapomeguka inatoa elektroni moja, ndio hiyo beta, pamoja na chembe nyingine ndogo mno ya jamii ya nyutrino, alafu hao wawili wanagawana nishati. Mgao haulingani kila mara, safari hii elektroni inapata nyingi, safari ijayo inapata kiduchu, na ndio maana beta haina nishati moja kama mionzi ya gama, ina mtawanyiko kuanzia karibu sifuri mpaka kikomo chake. Hili jambo liliwasumbua wanafizikia miaka mingi, walikuwa wanaona nishati inapotea hawajui inaenda wapi, mpaka Wolfgang Pauli mwaka 1930 alipopendekeza kwamba kuna chembe isiyoonekana inayoondoka nayo. Kwa tritiamu kikomo ni keV 18.6 (keV ni kipimo cha nishati) na wastani ni keV 5.7 tu. Linganisha na kaboni-14 yenye kikomo cha keV 156, au fosforasi-32 inayofika keV 1,710. Tritiamu ndio mnyonge kuliko wote tunaowatumia maabara.

Na unyonge wake unamaanisha nini? Elektroni ya tritiamu ikiwa hewani haivuki kama milimita 6. Ikiwa ndani ya maji haifiki mbali zaidi ya mikromita 6 hivi, tena hiyo ni ile yenye nguvu kabisa, nyingi zinaishia chini ya mikromita moja. Sasa seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 mpaka 8. Yaani elektroni inayozaliwa ndani ya kimelea kilichoko ndani ya seli nyekundu mara nyingi inafia humohumo, hata nje ya seli haichungulii. Geiger ina dirisha la maika, jembamba sana kwa macho yetu lakini kwa elektroni ya tritiamu ule ni ukuta wa zege. Ndio maana haikulia, na haitalia hata ukimwaga akiba yote ya tritiamu mezani.

Kwahiyo wataalamu wakasema kama elektroni haiwezi kuifuata mashine, basi mashine iifuate elektroni hukohuko ilipo. Ndio kazi ya kokteli. Unayeyusha seli ili tritiamu iwe bega kwa bega na kokteli, elektroni inagonga molekuli za kiyeyusho, kiyeyusho kinapokea ile nishati kinaipokeza kwa molekuli za kung'aa, nazo zinatoa kimweko kidogo cha mwanga wa urujuani na buluu. Fikiria kimulimuli mmoja akimweka mara moja tu gizani. Kila atomu inayomeguka ni kimulimuli mmoja. Pembeni ya kichupa kuna macho mawili, zile tyubu za fotomaltiplaya, na mashine inakubali kuhesabu pale tu macho yote mawili yanapoona mwanga kwa wakati mmoja, ndani ya sehemu chache za bilioni ya sekunde. Imewekwa hivyo kwa makusudi kwasababu kila tyubu peke yake inajitolea kelele za umeme hata kwenye giza totoro, na ni nadra kelele mbili kugongana muda uleule.

Fosforasi-32 ikimeguka inatoa fotoni, yaani chembe za mwanga, kwa maelfu, hata ukizipoteza nusu macho yote mawili bado yataona. Tritiamu kwa wastani inatoa fotoni chache mno, kadhaa tu kwa kila keV, na sio zote zinafika kwenye tyubu. Ukiziba kidogo tu, jicho moja linaona na lingine halioni, na mashine inatupa hiyo hesabu. Atomu imemeguka, mionzi ipo, namba haipo.

Na wewe umeweka nini kwenye kichupa? Damu na majani. Himoglobini inanyonya mwanga kwa nguvu zaidi kwenye nanomita kama 415. Klorofili nayo inanyonya kwenye buluu, kuanzia nanomita 430 hivi. Kokteli nyingi zinatoa mwanga wake maeneo hayohayo, kwenye nanomita 400 na kitu. Huwezi kuchagua rangi mbili mbaya zaidi ya hizo. Ni kama taa ya chemli yenye kioo kilichojaa masizi, mafuta yanaungua yaleyale, utambi ni uleule, ila chumbani giza. Ukiwa nje ya nyumba utasema wamezima taa.

Huku kufifia kwa mwanga wengi wanakuita kwenchi, na kuna aina mbili za kuzitenganisha kichwani. Moja ni ya rangi, ndio hiyo ya masizi, mwanga unazaliwa vizuri ila unanyonywa njiani. Nyingine ni ya kemikali, nishati inaibwa kabla haijawa mwanga, na wezi wakubwa ni oksijeni iliyoyeyuka, asetoni, klorofomu, asidi, hata maji yenyewe yakizidi. Kama ekstrakti yako uliitoa kwa kiyeyusho cha jamii ya klorofomu na hukukausha vizuri basi unazo zote mbili.

Sasa tupige hesabu kwa namba zako. Toa bakigraundi 25: vimelea bila dawa 4,320, vimelea na ekstrakti 1,210, damu tupu 320. Supavaiza wako alichukua 1,210 akalinganisha na 4,320, akapata upungufu wa asilimia 72. Na ukigawanya zote kwa asilimia 60 jibu litabaki 72 ileile, kwasababu umegawanya juu na chini kwa kitu kimoja. Hujarekebisha chochote, umebadilisha tu ukubwa wa namba.

Tuseme kichupa kisicho na dawa kina ufanisi wa asilimia 32, yaani katika atomu 100 zinazomeguka mashine inaona 32, hiyo ni kawaida kabisa kwa tritiamu yenye maji ndani yake. Na tuseme kile chenye majani kina asilimia 11 kwa ajili ya rangi. Basi 4,320 gawa kwa 0.32 unapata 13,500. Na 1,210 gawa kwa 0.11 unapata 11,000. Damu tupu 320 gawa kwa 0.32 ni 1,000. Hizi sasa ndio dpm, atomu zilizomeguka kwelikweli kwa dakika, wakati zile za mwanzo zilikuwa cpm, zile mashine ilizobahatika kuziona. Toa 1,000 ya damu tupu kila upande, unabaki na 12,500 na 10,000. Upungufu ni asilimia 20. Kutoka 72 mpaka 20! Hizo 32 na 11 nimezikadiria mimi kwa mfano, za kwako zinaweza kuwa nzuri kuliko hapo, lakini uone jinsi pengo linavyoweza kuwa kubwa, na uone kwanini siwezi kukuruhusu moyoni mwangu uandike 72. Mtu atasoma hiyo karatasi, atachukua yale majani, na malaria tunaifahamu inavyofanya kwa watoto wetu.

Njia ya kujua ukweli ipo na haihitaji mashine mpya. Inaitwa standadi ya ndani, mi naiita kupiga spaiki. Tafuta maji yenye tritiamu ambayo dpm yake inajulikana kwa cheti, mwombe afisa mionzi au maabara jirani. Chukua vichupa vyako vilevile ambavyo umeshavipima, usitengeneze vipya. Ongeza kwenye kila kimoja kiasi kidogo sana, mfano mikrolita 50 zenye dpm 20,000 kwa tarehe ya leo, funga, geuzageuza taratibu mpaka iwe rangi moja, weka gizani kama saa moja, alafu pima tena. Kama kichupa kisicho na dawa kinapanda kwa 6,400 basi ufanisi wake ni 6,400 gawa kwa 20,000, asilimia 32. Kama chenye majani kinapanda kwa 2,200 tu basi ufanisi wake ni asilimia 11. Umeweka kitu kilekile sehemu zote mbili, mmoja kakuonyesha kidogo mwingine kakuonyesha nyingi, hapo hakuna cha kubishana. Pipeti iwe imekaguliwa manake kosa la pipeti linaingia lote kwenye jibu. Na ujue kichupa ukishakipiga spaiki hakirudi tena kilivyokuwa, kwahiyo namba za mwanzo ziandike kabisa kabla ya kuongeza.

Spaiki inachosha ukiwa na vichupa 96, hilo nalijua. Ndio maana mashine nyingi zina chanzo chake cha gama ndani, bariamu-133 kwa baadhi, siziamu-137 au uropiamu-152 kwa nyingine, kinachosogezwa karibu na kichupa kwa sekunde chache. Mashine inaangalia mwanga uliotokana na hiyo gama umefifia kiasi gani inakupa namba ya kwenchi ya kichupa husika. Wewe unatakiwa uwe na seti ya vichupa kama 10 vyenye tritiamu ileile lakini mwanga umefifishwa hatua kwa hatua, wengi hutumia naitromethani, unachora grafu ya ufanisi dhidi ya hiyo namba, na kuanzia hapo kila sampuli inarekebishwa yenyewe. Angalia kwenye ripoti yako, mara nyingi hiyo namba ya kwenchi imeshachapishwa pembeni na watu wanaipita bila kuiangalia. Kama namba ya kichupa cha majani inaonyesha kwenchi kubwa kuliko ya kisicho na dawa (kwa mashine nyingine ni namba ya chini, kwa nyingine ya juu), ushahidi umeshaupata hata kabla ya spaiki. Tahadhari moja: grafu ya naitromethani ni ya kwenchi ya kemikali, rangi ikiwa nzito sana hazifuatani vizuri, hapo utengeneze seti kwa rangi ya ekstrakti yako au urudi kwenye spaiki.

Hiyo asilimia 60 ya kwenye cheti haikudanganya mtu. Ni ya standadi iliyofungwa kiwandani, kioo kisafi, haina maji, oksijeni imeondolewa, rangi hamna. Kazi yake ni kukwambia mashine ni nzima. Haijawahi kuwa ufanisi wa damu na majani.

Sasa kwanini siku ya kwanza ilikuwa 9,800 na kesho yake 4,345? Mionzi haikuisha usiku. Tritiamu nusu-maisha yake, yaani muda wa kupungua nusu, ni miaka 12.3, kwa siku moja inapungua kama sehemu moja na nusu tu katika 10,000. Kwenye 9,800 hiyo ni hesabu moja au mbili. Kilichoondoka ni mwanga wa uongo. Sodiamu haidroksaidi ikikutana na kokteli, hasa kukiwa na protini au peroksaidi, inatokea athari ya kikemia inayotoa mwanga yenyewe bila mionzi yoyote. Mwanga huo ni fotoni mojamoja, kwa kawaida macho mawili yasingeziona pamoja, lakini zikiwa nyingi mno zinagongana kwa bahati na mashine inazihesabu, tena zinaangukia kule chini kwenye nishati ndogo ambako ndiko tritiamu inakaa. Na angalia namba zako zinavyojieleza, inapendeza kwa kweli: kichupa kisicho na dawa kimeshuka kwa 5,455, damu tupu kwa 5,255, karibu sawa ingawa kimoja kina vimelea na kingine hakina. Chenye majani kimeshuka kwa 2,765 tu. Nusu. Mwanga wa uongo nao umezibwa na majani! Hilo peke yake lilitosha kunishtua nilipokuwa nasoma swali lako.

Dawa yake ni kupunguza makali ya ile besi kwa asidi kidogo, asetiki inatosha, kabla ya kokteli, uache vichupa gizani usiku mzima kwenye ubaridi, alafu upime mara mbili kwa nafasi ya saa kadhaa. Namba zikisimama palepale, umefika. Zikiendelea kushuka, subiri. Hata namba zako za siku ya pili sina uhakika zilikuwa zimetulia, zipime tena. Pia vichupa vikikaa kwenye jua au chini ya taa za tyubu vinafyonza mwanga na kuutema taratibu, na vichupa vya plastiki ukivifuta na glovu kavu kwenye chumba cha eyakondishena vinajaa umeme tuli unaosoma kama hesabu. Vifute kwa kitambaa chenye unyevu. Na umeme ukikatika, mashine ipe muda itulie joto lake kabla hujaiamini, na uangalie kama sampuli haijajitenga matabaka, manake ikijitenga tritiamu inabaki kwenye maji na kokteli inakaa pekeyake juu, hapo hata spaiki itakudanganya.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza ila linanisumbua zaidi ya kwenchi. Haya majaribio ya haipozanthini, ambayo yameanza kutumika tangu 1979, yanategemea kwamba kimelea hakiwezi kujitengenezea purini, lazima kiokote haipozanthini nje kikaijenge kwenye DNA na RNA yake. Ile mashine ya kuvuna inapasua seli kwa maji na kuzisukuma kwenye filta, asidi nukleiki inabaki, vidogovidogo vyote vinapita. Wewe unavyozungusha na kuosha unabaki na seli nzima pamoja na haipozanthini ambayo haijajengwa popote, na seli nyekundu zenyewe zinaweza kuibadilisha na kuifungia ndani hata zikiwa hazina kimelea. Kuosha mara mbili tu hakutoshi. Angalau uangushe asidi nukleiki kwa asidi ya TCA (trikloroasetiki) yenye baridi, uoshe mashapo, ndipo uyeyushe. Utapata faida ya pili, sehemu ya rangi ya majani itaondoka na yale maji ya kuoshea, ila himoglobini itaanguka pamoja na mashapo kwahiyo rangi ya damu bado utapambana nayo.

Kwa hiyo rangi iliyobaki watu wanatumia peroksaidi kidogo kidogo kupausha, kwenye joto la nyuzi 50 hivi, kifuniko kikiwa kimelegezwa ndani ya kabati la hewa kwasababu inatoa gesi na kichupa kilichofungwa kinaweza kupasuka. Inafanya kazi vizuri, lakini peroksaidi iliyobaki inarudisha ule mwanga wa uongo, kwahiyo unalipa kwa muda wa kusubiri. Mi ningekuwa wewe ningepigania kwanza ile mashine ya kuvuna itengenezwe au kuomba kutumia ya maabara nyingine, hata wiki mbili tu za kuazima. Na kama chuo hakina mpango wa kuitengeneza, kuna njia ya SAIBA Grini, rangi inayong'aa ikishika DNA, isiyo na mionzi kabisa, maabara nyingi za malaria zimeshahamia huko, ni rahisi, haina taka za mionzi na wewe una mtoto mdogo. Ila usidhani rangi ya majani haitakufuata, ile nayo inapima mwanga, na ekstrakti ya kijani inaweza kunyonya mwanga au kung'aa yenyewe. Kontroli, yaani kisima cha kulinganishia, ya ekstrakti pamoja na damu bila vimelea lazima iwepo njia yoyote utakayoshika, na kwenye jedwali lako sikuiona.

Na wakati unasubiri, tengeneza slaidi. Paka rangi ya Giemsa, weka kwenye hadubini, hesabu seli zenye vimelea katika seli 1,000 kwenye kisima chenye dawa na kisicho na dawa. Kama dawa imezuia asilimia 72 utaona kwa macho yako pete (vimelea vichanga) zimepungua au trofozoiti (vimelea vilivyokua) zimesinyaa. Kama ziko nene na zinagawanyika vizuri, umeshajua. Mimi nikiwa mwanafunzi tulitupa sahani za miezi mitatu kwenye maabara niliyokuwepo kwasababu hakuna aliyerekebisha kwenchi ya ini la panya, lilikuwa linayeyuka linakuwa la njano kama chai ya mchaichai, na kilichotuzindua ni mtu mmoja aliyeamua kuangalia tishu yenyewe.

Muda wa kupima nao uongeze. Mimeguko inakuja kwa bahati nasibu, kwahiyo hesabu N ina wasiwasi wa kipeuo cha pili cha N. Damu tupu yako 345 kwa dakika moja, ukitoa bakigraundi unabaki na 320 ukiongeza au kupunguza 19, kosa la asilimia 6. Pima dakika 10, kosa linashuka mpaka kama asilimia 2. Kwa vichupa vyenye hesabu kubwa simama ukifika 10,000, hapo ni asilimia 1 na hakuna haja ya kwenda mbali zaidi, makosa ya pipeti yatakuwa makubwa kuliko hayo.

Tumalizie na mtoto. Tritiamu ikiwa nje ya mwili haikudhuru, elektroni yake haipenyi hata tabaka la ngozi iliyokufa. Hatari ni kuimeza, kuivuta au kupita kwenye ngozi, na misombo mingine yenye tritiamu inapita kwenye glovu taratibu, kwahiyo vaa mbili na ya juu ibadilishe mara kwa mara. Sahani yako nzima ya visima 96 ina mikrokyuri 48, kama bekereli milioni 1.8. Mtu mzima akiimeza yote, ukitumia kizidishi cha kawaida cha tritiamu iliyofungamana na kaboni, dozi inatoka kama milisivati 0.075 (milisivati ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini), na kikomo cha mwananchi wa kawaida ni milisivati 1 kwa mwaka. Ila nikwambie ukweli wote: haipozanthini inaingia kwenye DNA, pale elektroni inapoishia ni ndani ya kiini cha seli, kwahiyo athari yake inaweza kuwa kubwa kuliko hicho kizidishi kinavyosema, na mtoto mchanga hahesabiwi kama mtu mzima. Ndio maana nasema usitishike na pia usipuuze.

Kujua kama umechafuka, futa meza, vishikizo, pipeti, simu yako, kwa vipande vya karatasi ya filta vyenye unyevu, weka kila kipande kwenye kichupa na kokteli, pima kwenye kaunta hiyohiyo ukiwa na kipande kisichofuta kitu kama bakigraundi. Ndio Geiger yako ya tritiamu. Kwa mwili wako ni mkojo, na hapo usijipime mwenyewe. Nenda kwa afisa usalama wa mionzi wa chuo ana kwa ana, mwambie wazi unanyonyesha, sheria za usalama wa mionzi zinamtaka mwajiri apange kazi yako upya akishajua hilo, na huombi hisani. Mpaka muongee, kazi ya kushika akiba yenyewe na kutia dozi kwenye visima mwachie mwenzako. Koti la maabara libaki maabara, nawa mpaka kwenye viwiko kabla ya kumshika mtoto, chakula na simu visiingie. Kama uliwahi kumwagikiwa, kujichoma sindano au kupata maji yake mdomoni, hiyo ni ya leoleo, usisubiri. Na kama chuo hakina afisa au hakusikilizi, kwa Tanzania unaandikia Tume ya Nguvu za Atomu, kwa Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, ndio wanaotoa leseni ya hiyo akiba mnayoitumia.

Kwa supavaiza usiende na ubishi, nenda na vichupa. Vipige spaiki vyote vitatu kwanza, chapisha karatasi, muwekee mezani namba ya kwenchi na namba ya spaiki bega kwa bega umwombe muangalie pamoja. Ukishapata hizo namba niandikie, pamoja na ulichokiona kwenye slaidi.